Nyimbo za Krismasi kwenye banjo: maswali yanayojirudia kila mwaka

Kila ikifika Novemba watu wanauliza yale yale, kwaio nimeyakusanya hapa sehemu moja. Mengi yanahusu banjo ya nyuzi tano mana ndo wengi wanayo, wenye nyuzi nne shukeni swali la 14. Noti nimeziandika kwa solfa pale inaposaidia, manake wengi wetu tumelelewa na kwaya na d r m tunaisoma kuliko hizo tablicha (maandishi ya namba za freti).

## Mwanzo kabisa

1. Banjo na Krismasi vinaendana kweli? Si ni chombo cha maharusi na vichekesho?

Vinaendana sana ila lazima ukubali tabia ya chombo. Banjo haishiki sauti. Ukigonga uzi, sauti inatoka kali alafu inakufa hapo hapo, tofauti na kinanda au fidla ambavyo vinaweza kushikilia noti hadi mwalimu wa kwaya ashushe mkono. Na nyimbo nyingi za Krismasi zimejaa noti ndefu za kuvuta. Hapo ndo tatizo lote lilipo, na karibu kila jibu hapa chini linarudi kwenye hilo: unachagua nyimbo na kii (noti ambayo wimbo unaifanya do) zinazokubali banjo, alafu zile noti ndefu unazijaza badala ya kuzisubiri.

2. Nitahitaji tyuning gani, yaani nyuzi nizikaze kwa noti zipi?

Anza na ile ya kawaida, G ya wazi: g D G B D, ukihesabu kutoka uzi wa tano (ule mfupi) hadi wa kwanza. Usipobonyeza kitu na ukapiga nyuzi zote unapata kodi ya G kamili (kodi za muziki, noti kadhaa zikilia pamoja, TRA watulie). Uzi wa tatu ndo do yako, wa pili ni mi, wa kwanza ni so, wa nne ni so ya chini, na ule mfupi ni do ya juu. Mtu wa kwaya akishaelewa hilo nusu ya kazi imeisha.

Baadae utahitaji nyingine mbili tatu, ziko swali la 5, la 6 na la 8.

3. Wimbo gani wa kwanza kabisa kwa mtu ambaye ndo ameanza?

Kiitikio cha Jingle Bells, na sisemi hivo kwa sababu kila mtu anaujua tu. Kiitikio chote kinatumia noti tano pekee, do hadi so, na kwenye G ya wazi hizo tano zimekaa hivi: do ni uzi wa tatu wazi, re ni uzi huo huo freti ya 2 (freti ni vile vyuma vya kukatisha shingo), mi ni uzi wa pili wazi, fa ni uzi huo huo freti ya 1, so ni uzi wa kwanza wazi. Umemaliza. Noti tatu kati ya tano hubonyezi kitu chochote.

Kwaio "m m m, m m m, m s d r m" inaanza na kugonga uzi wa pili wazi mara saba, alafu wa kwanza, wa tatu, wa tatu freti ya 2, wa pili tena. Mtoto anaiweza jioni moja. Kodi ni G, C na D7 (na A7 kidogo kama unataka kujionyesha), na D7 ya banjo ni vidole viwili tu: uzi wa tatu freti ya 2 na uzi wa pili freti ya 1. Aliyewahi kuhangaika na F ya gitaa hapa atalia kwa furaha.

4. Najua gitaa, si natumia ujuzi huo huo?

Mkono wa kushoto ndio, kwa kiasi kikubwa. Nyuzi D G B ni zile zile za gitaa, ila wa kwanza umeshushwa kutoka E kuwa D. Mkono wa kulia hapana. Ukiistramu (kuchapa nyuzi zote kwa pamoja) banjo kama gitaa katikati ya wimbo wa taratibu inakuwa kelele ya sufuria, naomba usifanye. Nenda swali la 9.

## Nyimbo zenyewe na kii zake

5. Usiku Mtakatifu nikipiga kwenye G naishia kupanda shingo mpaka juu huko, nakosea wapi?

Hukosei, wimbo ndo mpana. Unaanzia so, unashuka mwishoni mpaka do ya chini, na pale kwenye kilele unapanda hadi fa iliyo juu ya oktavo. Kwenye G ile "s l s m" ya mwanzo iko vizuri tu, uzi wa kwanza wazi, freti ya 2, wazi, alafu uzi wa pili wazi. Ila ukifika kilele unajikuta uzi wa kwanza freti ya 10, na ukitaka kuushusha wote oktavo moja haiwezekani, ile mi ya mwanzo ingekuwa chini ya uzi wako wa nne, haipo kwenye chombo.

Dawa yake: uzi wa nne ushushe kutoka D hadi C, inakuwa g C G B D, alafu piga kwenye kii ya C. Sasa so ya kuanzia ni uzi wa tatu wazi, la ni freti ya 2 hapo hapo, mi ni uzi wa nne freti ya 4. Kilele kinakuwa uzi wa kwanza freti ya 3 tu. Na ile do ya mwisho kabisa, ambayo kwa tyuning ya kawaida ungeikosa kwa sababu D ndo mwisho wa chini, sasa ni uzi wa nne wazi, unaugonga na unaacha uvume. Wimbo mzima ndani ya freti tano. Uzi mfupi wa g nao ni so ya C kwaio haugombani na mtu.

Wimbo wenyewe kwanza haukuzaliwa kwenye kinanda. Ulipoimbwa mara ya kwanza Oberndorf huko Austria mkesha wa Krismasi 1818, Joseph Mohr aliyeandika maneno na Franz Xaver Gruber aliyetunga melodi waliuimba kwa gitaa. Kwaio mtu akikwambia nyuzi za kudonoa zinaushushia heshima wimbo huu, una jibu.

6. Na Joy to the World?

Huu ni zawadi kwa mpiga banjo. Melodi inaanza kwa kushuka ngazi nzima, d' t l s f m r d, na yote imekaa ndani ya oktavo moja kamili. Vitabu vingi vya nyimbo vimeuweka kwenye D, na kwa mara moja vitabu na banjo vimekubaliana: do ya juu ni uzi wa kwanza wazi, ti ni uzi wa pili freti ya 2, la ni wa pili wazi, so ni wa tatu freti ya 2, fa ni wa tatu wazi, mi ni wa nne freti ya 4, re freti ya 2, do ya chini ni wa nne wazi. Unaanza na uzi wazi unamaliza na uzi wazi, mkono hauhami.

Kitu kimoja tu, uzi wa tano upandishe kutoka g hadi a, kwenye D hiyo a ni so. Ukiuacha g itakuwa fa inayolia kila wakati, na ikikutana na kodi ya D masikio yatauma.

Kama umeng'ang'ania G pia inawezekana, do ya juu ndo uzi wako wa tano wazi (au uzi wa kwanza freti ya 5, sauti ni ile ile). Ila mimi ningebaki D.

7. Kuna nyimbo za Krismasi zinazoifaa banjo hasa?

Zipo, na watu wengi wanazipita wakikimbilia zile za redioni.

Breakin' Up Christmas ndo mfalme wao. Inatoka milima ya Appalachia, mpakani mwa North Carolina na Virginia, upande wa Surry County na Galax. Huko zamani Krismasi haikuwa siku moja, watu walizunguka nyumba kwa nyumba kati ya tarehe 25 Desemba na 6 Januari, ile waliyoiita Krismasi ya zamani, leo kwa huyu kesho kwa yule, meza inasukumwa pembeni, fidla na banjo usiku kucha. Wimbo huu ndo ulikuwa wa kuvunjia sikukuu. Fidla ya Tommy Jarrell (1901 hadi 1985) ndo wengi wamejifunzia. Uko kwenye A, kwaio G ya wazi na kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) freti ya 2, uzi wa tano upande hadi a. Ni wa klohama (kupiga kwa ukucha, swali la 9), na una raha mbaya.

Christmas Time's A-Comin' wa Tex Logan, uliorekodiwa na Bill Monroe mwaka 1951, ndo wa watu wa blugrasi (muziki wa nyuzi wa kasi wa Marekani). Unaenda kasi, usiuanze kabla roli zako (swali la 9) hazijakaa.

Go Tell It on the Mountain ni wimbo wa kiroho wa Weusi wa Marekani, na unakaa vizuri kwenye G kwa roli au kwa klohama, upendavyo. Huu makwaya yetu wanaujua tayari kwaio ni rahisi kuuingiza kanisani.

8. Nyimbo za mainor, zile zenye sauti ya huzuni, nafanyaje? G ya wazi ina furaha mno.

Kweli ina furaha mno. Una njia tatu.

Ya kwanza, usiguse tyuning, piga kwenye E mainor. We Three Kings inakaa hapo vizuri sana mana beti ni E mainor na kiitikio kinageuka G, ule uzi mfupi wa g unafaa kote kote.

Ya pili, shusha uzi wa pili kutoka B hadi B flati, g D G Bb D, unakuwa na G mainor ya wazi. Inatoka nzito, ya huzuni.

Ya tatu ndo naipenda: pandisha uzi wa pili hadi C, g D G C D. Hii wapigaji wa milimani wanaitumia kwa nyimbo za kale. Sio meja sio mainor, inabaki inaning'inia hivi. God Rest Ye Merry, Gentlemen kwenye tyuning hii kwa klohama ya taratibu inasikika kama imechimbwa ardhini. Ukiijaribu mara moja ile ya pili utaiacha.

## Mkono wa kulia

9. Roli au klohama?

Roli ni ile ya vidole vitatu, gumba, shahada na kati, na piki (kucha za bandia) za chuma vidoleni, noti nane kwa baa (kipimo kimoja cha mdundo) zikitiririka. Ndo mtindo ambao Earl Scruggs aliufanya ujulikane dunia nzima baada ya kuingia bendi ya Bill Monroe Desemba 1945. Klohama unapiga kwa mgongo wa ukucha ukishuka chini alafu gumba linamalizia uzi wa tano, haina piki, sauti ni ya ndani zaidi.

Kwa nyimbo za kuchangamka chochote unachokijua kinatosha. Kwa nyimbo za taratibu kama Usiku Mtakatifu naona klohama au vidole bila piki vinashinda, piki za chuma zinafanya mtoto Yesu aamke. Hayo ni maoni yangu na wapo watakaobisha.

10. Noti ndefu nazijazaje bila kuharibu melodi?

Melodi ipe gumba au kidole chenye nguvu, igonge kwa uzito, alafu zile noti za kujaza zinazofuata zipige kwa wepesi kabisa, kama nusu ya nguvu. Kosa la wengi ni kupiga noti zote nane kwa nguvu sawa, msikilizaji anasikia mvua ya mawe tu wimbo hauoni.

Alafu usijaze kila mahali. Mwisho wa mstari, pale waimbaji wanapovuta pumzi, wacha kimya. Ule ukimya unasaidia kuliko roli yoyote.

11. Roli zangu ni za nne kwa nne, wimbo ni wa tatu kwa nne, zinagongana. Nisaidie!

Hili linaulizwa kuliko yote. Usijifunze roli mpya, kata ile uliyonayo. Chukua roli ya kwenda na kurudi, nyuzi 3 2 1 5 1 2 3 1, noti nane. Toa mbili za mwisho. Unabaki na 3 2 1 5 1 2, noti sita, ambazo ndo baa moja ya tatu kwa nne. Vidole ni gumba, shahada, kati, gumba, kati, shahada. Piga hivo ukihesabu "moja na, mbili na, tatu na" mpaka mkono usahau kwamba kulikuwa na zile mbili.

Kama bado inakusumbua, au unasindikiza waimbaji tu, piga gumba kwenye "moja", alafu "mbili" na "tatu" unabana nyuzi mbili tatu za juu kwa pamoja. Simpo, na kwaya watakupenda kwa sababu wanausikia mdundo.

## Kanisani na kwaya

12. Kwaya yetu inaimba kwenye F au B flati. Nifanye nini?

Kwanza waombe wahame. Sitanii. Usiku Mtakatifu vitabu vingi wameuweka B flati, na kuupandisha tone moja hadi C hakuna soprano atakayekufa, alafu wewe unapata ule utamu wote wa swali la 5. Muulize mwalimu wa kwaya kwa adabu kabla ya mazoezi, sio siku ya mkesha.

Wakikataa: kwa B flati weka kapo freti ya 3 na upige maumbo ya G, uzi wa tano upande hadi b flati. Kwa F usitumie kapo, piga maumbo ya F yenyewe na uzi wa tano uwe a. Tahadhari, uzi wa tano ni mwembamba na ukivuka hapo kwenye b flati kuupandisha kwa kuuzungusha tu unaomba ukatike, ukatike dakika mbili kabla ya ibada mana ndo muda wake. Wenye vijipini vya kubania uzi freti ya 7 na ya 9 mmesalimika.

13. Mchungaji amesema banjo ina kelele. Nipunguzeje?

Yuko sahihi. Banjo yenye mgongo wa mbao uliofungwa imetengenezwa isikike juu ya fidla na mandolini bila maiki. Ukiweza uvue ule mgongo, sauti inapungua na inakuwa ya mviringo zaidi. Usipoweza, kunja soksi safi uisindike kwa nyuma kati ya fimbo ya ndani na ngozi, karibu na pale daraja (kile kijiti kinachobeba nyuzi juu ya ngozi) lilipo. Inakata zile kengele za juu zinazochoma. Toa piki za chuma. Na kama kuna maiki, ielekeze pale shingo inapokutana na ngozi na sio kwenye daraja, fundi mitambo wenu atabisha ila mwambie ajaribu.

## Mambo ya pembeni

14. Yangu ina nyuzi nne. Niitupe?

Usitupe. Kama ni ile inayoitwa tena (tenor), angalia imetyuniwaje. C G D A ni ile ya jazi ya zamani, ya kodi na stramu. G D A E ni ya Kiairishi, oktavo moja chini ya fidla, mtindo alioupa umaarufu Barney McKenna wa The Dubliners. Hii ya pili kwa melodi za Krismasi ni nzuri ajabu, unapiga kwa piki moja ya gitaa, noti ndefu unazitetemesha kwa kwenda juu na chini haraka haraka, kwaio tatizo la swali la 1 kwako ni dogo. Maelezo ya kii yako ni tofauti lakini: D, G na A zinakuja zenyewe, huna uzi wa tano wa kugombana nao.

15. Si ni chombo cha wazungu wa mashambani? Kwa nini nikipige kwenye Krismasi ya huku?

Banjo mababu zake ni wa Afrika Magharibi. Watu waliotekwa na kupelekwa utumwani Karibi na Marekani ndio waliotengeneza za kwanza huko, kibuyu, ngozi juu yake, shingo ya mti. Akonting ya Wajola wa Gambia na Senegal mpaka leo ina ule uzi mfupi wa gumba na inapigwa kwa ukucha kushuka chini, mtu wa klohama akiiona anakaa kimya. Wazungu waliichukua baadae, na karne ya 19 ikazungushwa kwenye maonyesho ya wazungu waliojipaka masizi usoni kuwadhihaki Weusi.

Na Jingle Bells imo humo humo. James Pierpont aliitoa mwaka 1857, na ilipigwa mara ya kwanza Boston kwenye onyesho la namna hiyo hiyo, ikiitwa The One Horse Open Sleigh. Krismasi haitajwi hata mara moja kwenye maneno yake. Siwaambii muache kuipiga, ila mjue mnachopiga.

Karibu na kwetu, Malawi vijana wanaunda banjo za makopo ya mafuta miaka na miaka. Na Béla Fleck alipokuja na banjo yake mwaka 2005 alipita Uganda na Tanzania, akapiga na Anania Ngoliga na ilimba yake. Tafuta hiyo rekodi, sikiliza jinsi ilimba na banjo vinavyodonoa kwa pamoja bila kukanyagana, ujiulize kwa nini hakuna kwaya iliyojaribu hivo. (Huyo Fleck ana albamu nzima ya Krismasi pia, Jingle All the Way ya 2008 akiwa na Flecktones, ikachukua Grammy. Ni ya kusikiliza, sio ya kujifunzia, mtakata tamaa.)

16. Naishi pwani, Desemba banjo inapoteza tyuning kila saa.

Kama ngozi ni ya mnyama kweli, unyevu unailegeza, daraja linazama na kila kitu kinashuka. Weka ya plastiki, kwa Dar na Mombasa ya mnyama ni mateso. Kama tayari ni ya plastiki, angalia daraja: uzi uguse kidogo tu juu ya freti ya 12 usikie filimbi, alafu ubonyeze freti hiyo hiyo. Sauti zikitofautiana daraja limehama, lisogeze kidogo kidogo mpaka zilingane. Kapo nayo ikikaza sana inavuta noti juu, kila ukiiweka tyuni tena.

17. Nyuzi za banjo hapa sizipati dukani kabisa.

Tumia za gitaa zile nyepesi. Banjo nyingi zinataka uzi wenye kitanzi mwishoni na wa gitaa una kijiduara cha shaba, kibane na koleo taratibu mpaka kitoke, kinachobaki ndo kitanzi chako. Unene: 9 au 10 kwa uzi wa kwanza na wa tano, 11 au 12 wa pili, 13 wa tatu, na wa nne ule wa kuzungushiwa wa 20 hadi 23. Zile nene za gitaa la akustiki msiweke, shingo itapinda.

18. Nikirekodi na kupandisha YouTube nitapigwa kopirait?

Usiku Mtakatifu, Joy to the World, Jingle Bells, We Three Kings na God Rest Ye ni za watu wote, melodi zake zimeshapitwa na ulinzi zamani. Mpangilio wa mtu wa sasa uliounakili noti kwa noti ni wake, huo usidai wako. White Christmas (1942) na Rudolph (1949) bado zina wenyewe huko Marekani, na Christmas Time's A-Comin' hivyo hivyo. Pia mashine ya YouTube wakati mwingine inakudai hata kwa wimbo wa 1818 kwa sababu umesikika kama rekodi ya mtu mwingine. Hapo pinga, andika kwamba melodi ni ya umma na umepiga mwenyewe, alafu ambatanisha subira.